Je, umri na ushawishi hulifanya andiko kuwa takatifu? Kisa cha Kitabu cha Henoko

JE, andiko la kale lililodumu kwa zaidi ya miaka elfu mbili, likanukuliwa katika Agano Jipya na kuathiri imani za vizazi vingi, linastahili kuitwa takatifu kwa sababu hizo pekee?

Swali hili si la wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Kitabu cha Henoko, ambacho zamani kilijulikana na wachache, sasa kinapatikana kwa urahisi katika intaneti na husambazwa kwa simu za mkononi. Wapo wahubiri wanaodai kwamba viongozi wa kanisa walikificha makusudi ili waumini wasiujue ukweli.

Muumini anayesikia madai hayo hujikuta katika njia panda. Iwapo kitabu hicho ni cha kale namna hiyo, na iwapo Biblia yenyewe inanukuu maneno yake, mbona hakimo ndani ya Biblia aliyoirithi kwa wazazi wake? Na ikiwa kiliachwa kimakosa, ni nani atakayemhakikishia kwamba vile vilivyomo vilichaguliwa sawasawa?

Ili kulijibu swali hilo, sharti kwanza ifahamike historia ya kitabu chenyewe, kisha yatenganishwe mambo matatu ambayo aghalabu huchanganywa: ukongwe wa andiko, ushawishi wake, na utakatifu wake.

Henoko ni nani?

Katika Biblia, habari za Henoko ni fupi mno. Kitabu cha Mwanzo, sura ya tano, kinamtaja kuwa mzao wa Adamu aliyeishi miaka 365, akaenda pamoja na Mungu, kisha akatoweka kwa sababu Mungu alimtwaa. Waislamu nao humheshimu Nabii Idrisi, ambaye wafasiri wengi wa Kurani wanaamini kwamba ndiye Henoko huyo huyo.

Ufupi wa habari hizo ndio uliozaa udadisi. Mtu aliyetwaliwa na Mungu bila shaka aliona mengi. Aliona nini huko alikopelekwa? Ni katika kujibu swali hilo ambapo maandishi mengi yalitungwa kwa jina lake.

Maarufu zaidi miongoni mwayo ni kitabu chenye sura 108, ambacho wataalamu hukigawa katika sehemu tano. Sehemu ya kwanza inasimulia jinsi malaika 200, wanaoitwa Walinzi, walivyoshuka juu ya mlima Hermoni, wakaoa binti za wanadamu na kuzaa majitu yaliyoijaza dunia dhuluma.

Kwa mujibu wa masimulizi hayo, malaika mmoja kwa jina Azazeli aliwafundisha watu kufua panga, visu na ngao, pamoja na kutengeneza mapambo na kujipaka rangi machoni. Wengine walifundisha uganga na kubashiri kwa nyota. Hivyo basi, kitabu hiki kinaeleza chanzo cha uovu kwa namna tofauti na kisa cha Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni.

Sehemu nyingine zinaeleza mwendo wa jua, mwezi na nyota, ndoto kuhusu historia ya Waisraeli, na hukumu ya siku ya mwisho. Ndani ya sehemu inayoitwa Mifano ametajwa Mwana wa Adamu anayeketi juu ya kiti cha utukufu ili kuwahukumu wafalme, jambo ambalo wasomi wamelilinganisha sana na maneno ya Injili.

Ukongwe usiopingika

Wataalamu wa maandiko ya kale hawakubali kwamba Henoko mwenyewe ndiye aliyekiandika. Sehemu zake kongwe kabisa zinakadiriwa kuwa za karne ya tatu kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, ilhali sehemu ya Mifano huenda iliandikwa karibu na wakati wa Yesu mwenyewe.

Hata hivyo, huo ni umri mkubwa. Sehemu hizo kongwe zilikuwapo kabla ya barua za Paulo na kabla ya Injili zote nne. Isitoshe, wasomi wengi wanaamini kwamba zina umri kuliko kitabu cha Danieli katika umbo lake la sasa.

Ushahidi wa jambo hilo ulipatikana katika mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, ambako hati za kale zilianza kugunduliwa mwaka wa 1947. Katika pango la nne, lililogunduliwa mwaka wa 1952, vilipatikana vipande vya hati 11 za sehemu mbalimbali za kitabu hiki katika lugha ya Kiaramu. Vipande hivyo vilichapishwa na mtaalamu Jozef Milik mwaka wa 1976. Sehemu ya Mifano haikupatikana humo.

Ugunduzi huo ulithibitisha kwamba kitabu kilisomwa na kunakiliwa sana na Wayahudi wa zama zile. Lakini uliibua fumbo pia. Katika mapango hayo hayo hakijatambuliwa hata kipande kimoja cha kitabu cha Esta, ambacho kimo katika Biblia za Wayahudi na za Wakristo.

Basi kama utakatifu ungepimwa kwa wingi wa nakala za kale zilizopatikana Qumran, Henoko angeingia na Esta angetolewa. Mambo hayakuwa hivyo, na hilo pekee linaonyesha kwamba kipimo kilikuwa kingine.

Waraka wa Yuda

Hoja kuu ya wanaotaka kitabu hiki kitambuliwe ni Waraka wa Yuda. Katika aya ya 14 na ya 15, Yuda anasema kwamba Henoko, mtu wa saba baada ya Adamu, alitabiri kuja kwa Bwana pamoja na maelfu ya watakatifu wake ili kuwahukumu watu wote. Maneno anayoyanukuu yamo katika sura ya kwanza ya Kitabu cha Henoko.

Hapana shaka kwamba Yuda aliyathamini maneno hayo. Lakini je, kunukuliwa ndani ya Biblia kunatosha kukifanya kitabu kizima kuwa Maandiko Matakatifu?

Biblia yenyewe inatahadharisha dhidi ya kulijibu swali hilo kwa haraka. Paulo alipowahutubia watu wa Athene, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume sura ya 17, alitumia maneno ya washairi wa Kiyunani. Katika waraka kwa Tito linanukuliwa neno la Mkrete mmoja kuhusu tabia za watu wa kisiwa chake. Hakuna kanisa lililowahi kudai kwamba mashairi ya Wayunani yaingizwe katika Biblia kwa sababu hiyo.

Vilevile, Agano la Kale linataja Kitabu cha Yashari na Kitabu cha Vita vya Bwana, ambavyo vimepotea kabisa. Kutajwa kwavyo hakukuvinusuru.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Yuda hakumnukuu Henoko kama mshairi tu. Alisema kwamba alitabiri. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaumiza vichwa viongozi wa kanisa la mwanzo, na miongoni mwao walikuwamo wana wa Afrika.

Mabishano ya wazee wa kanisa

Tertuliano wa Kartago, katika nchi ambayo sasa ni Tunisia, aliandika takriban mwaka wa 200 akikitetea Kitabu cha Henoko. Alijua kwamba wapo waliokikataa kwa sababu hakikuwa katika maandiko yaliyokubaliwa na Wayahudi. Aidha, alijua swali lililoulizwa na wengi: kama kiliandikwa kabla ya gharika, kiliponaje?

Jibu lake lilikuwa kwamba Nuhu, aliyekuwa kitukuu cha Henoko, angeweza kuyahifadhi mafundisho ya babu yake, au hata kuyaandika upya kwa msaada wa Roho. Kisha akaongeza hoja ya Yuda.

Origene wa Aleksandria, nchini Misri, alikitumia kitabu hicho katika baadhi ya kazi zake. Hata hivyo, baadaye alikiri kwamba makanisa kwa jumla hayakuvihesabu vitabu vya Henoko kuwa na asili ya kimungu.

Augustino, askofu wa Hippo katika nchi ambayo sasa ni Algeria, alikuja na hoja inayogusa kiini cha suala hili. Katika kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, alichokimaliza yapata mwaka wa 426, alikubali kwamba haiwezekani kukana kuwa Henoko aliandika jambo la kimungu, maadamu Yuda amesema hivyo.

Lakini Augustino alishikilia kwamba maandishi yaliyokuwa yakitembezwa kwa jina la Henoko hayangeweza kuaminika, na sababu aliyoitoa ilikuwa ukongwe wao wenyewe. Yalidaiwa kuwa ya kale mno hivi kwamba hapakuwa na njia ya kuthibitisha kuwa kweli yalitoka kwake, wala hapakuwa na watu waliojulikana kuyapokezana kizazi hadi kizazi.

Kwa maneno mengine, umri ambao wengine waliuona kuwa sifa, Augustino aliuona kuwa sababu ya shaka. Kadiri andiko linavyodai asili ya mbali, ndivyo inavyohitajika minyororo mingi zaidi ya mashahidi wa kuliunganisha na asili hiyo.

Yeronimo, aliyetafsiri Biblia kwa Kilatini katika zama hizo hizo, alitoa kauli inayoelekea upande mwingine. Alieleza kwamba Waraka wa Yuda ulikuwa umekataliwa na wengi kwa sababu tu ulimnukuu Henoko, lakini kutokana na umri wake na kutumiwa kwake makanisani, ulikuwa umekwisha kujipatia mamlaka na kuhesabiwa miongoni mwa Maandiko Matakatifu.

Hapa umri na matumizi vinatajwa waziwazi kuwa sababu. Lakini ni muhimu kuona alichokuwa akikisema Yeronimo. Hakusema kwamba waraka huo ukawa neno la Mungu kwa sababu ulizeeka. Alisema kwamba wale waliokuwa na mashaka nao hatimaye waliukubali, baada ya makanisa kuusoma na kuupima kwa muda mrefu. Wakati ulikuwa chekecheo, si chanzo cha kilichochekechwa.

Ethiopia haikuficha

Wakati makanisa ya Ulaya na Mashariki ya Kati yalipokuwa yakikiacha, nchi moja jirani ya Kenya iliendelea kukitunza. Kanisa la Tewahedo la Othodoksi la Ethiopia hukihesabu Kitabu cha Henoko kuwa sehemu ya Biblia, ambayo kwa desturi ya kanisa hilo ina vitabu 81. Biblia ya Wakatoliki ina vitabu 73, na ya Waprotestanti ina 66.

Lugha ya Giizi, ambayo ni lugha ya ibada ya Waethiopia, ndiyo pekee iliyohifadhi kitabu hicho chote. Lau si watawa walioketi katika monasteri zao wakikinakili kwa mkono juu ya ngozi, ulimwengu ungekuwa na vipande tu vya Kiaramu na Kiyunani.

Mwaka wa 1773, msafiri Mskochi James Bruce alirejea Ulaya kutoka Ethiopia akiwa na nakala tatu. Tafsiri ya Kiingereza ya Richard Laurence ilichapishwa mwaka wa 1821. Kwa hivyo madai kwamba kitabu kimefichwa hayana msingi. Wasomaji wa Kiingereza wamekuwa nacho kwa zaidi ya miaka 200, na Waethiopia hawakuacha kukisoma kamwe.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba askofu wa kwanza wa Aksum, Frumenti, aliwekwa wakfu na Athanasi wa Aleksandria. Athanasi huyo huyo ndiye aliyetoa, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka wa 367, orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya ambayo ni sawa na inayotumiwa leo, na ambaye aliwaonya waumini dhidi ya vitabu visivyokubaliwa. Hata hivyo, kanisa lililotokana na mkono wake halikufuata njia yake katika suala la Henoko.

Katika mji wa Moyale, uliogawanywa na mpaka wa Kenya na Ethiopia, Mkristo Mprotestanti wa upande mmoja na Mwothodoksi wa upande wa pili wanaweza kuishi umbali wa dakika chache. Andiko ni lile lile, umri wake ni ule ule, na athari zake katika historia hazibadiliki kwa kuvuka mpaka. Lakini kwa mmoja ni Maandiko Matakatifu, na kwa mwingine ni kitabu cha kale tu.

Hilo linaonyesha kwamba utakatifu hautoki katika karatasi wala katika miaka. Unahusiana na jumuiya iliyolipokea andiko, ikalisoma katika ibada, ikalifafanua na kukubali kuongozwa nalo.

Mifano ya dini nyingine

Suala hili haliwahusu Wakristo peke yao. Utenzi wa Gilgamesh wa Mesopotamia ni wa kale kuliko sehemu kubwa ya Biblia, na ndani yake mna kisa cha gharika kilichoushangaza ulimwengu George Smith alipokitangaza jijini London mwaka wa 1872. Umri unao, na ushawishi ulikuwa nao. Lakini hakuna anayesali kwa utenzi huo leo.

Kinyume chake ni Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, ambao hekalu lao la Makindu hujulikana na wasafiri wengi wa barabara ya Nairobi kwenda Mombasa. Mkusanyo wake wa kwanza ulikamilika mwaka wa 1604, na mwaka wa 1708 Guru Gobind Singh akakitangaza kuwa ndicho kitakachokuwa Guru baada yake. Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ina umri mkubwa kuliko kitabu hicho. Lakini kwa Masingasinga, uchanga huo haupunguzi utakatifu wake hata chembe.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na Jaafar al-Barzanji wa Madina katika karne ya 18, yamesomwa kwa vizazi vingi katika sherehe za kumsifu Mtume. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka wa 1728, ni miongoni mwa maandishi makongwe ya Kiswahili, na Al-Inkishafi imewatoa machozi wengi. Kazi hizi zina heshima na ushawishi mkubwa, lakini Mwislamu hathubutu kuziweka daraja moja na Kurani.

Sababu ni wazi. Kwa imani ya Mwislamu, Kurani ni neno la Mwenyezi Mungu, na aya ilikuwa takatifu siku ile ile iliposhuka. Haikungoja kuzeeka.

Mkristo naye anaweza kusema vivyo hivyo. Barua za Paulo zilipofika Korintho wino wake ulikuwa bado mbichi. Kama umri ndio unaotakasa, basi barua hizo hazikuwa takatifu siku ile, na zilianza kuwa hivyo mwaka ambao hakuna anayeweza kuutaja. Hilo ni jambo ambalo waumini wenyewe hawalikubali.

Hoja ya ushawishi nayo ina kasoro yake. Mara nyingi kitabu huwa na ushawishi kwa sababu watu walikwisha kukihesabu kuwa kitakatifu. Kusema kwamba ni kitakatifu kwa sababu kina ushawishi ni kugeuza matokeo kuwa sababu. Zaidi ya hayo, yapo maandishi yaliyoathiri dunia kwa kuchochea chuki na vita, na hakuna mwenye akili timamu atakayeyatukuza kwa sababu hiyo.

Nini cha kufanya

Basi muumini anayekutana na Kitabu cha Henoko hana sababu ya kuingiwa na hofu. Anaweza kukisoma kwa faida kubwa. Kitamfunulia mawazo ya Wayahudi wa zama za Yesu kuhusu malaika, pepo, ufufuo na hukumu, na kitamsaidia kuelewa waandishi wa Agano Jipya walikuwa wakizungumza na watu wa aina gani.

Hali kadhalika, hana sababu ya kuwadharau Waethiopia. Wao hawakukiongeza kitabu hicho katika Biblia jana wala juzi. Walikitunza wakati wengine walipokitupa, na dunia nzima ya wasomi ina deni kwao.

Lakini anapoambiwa kwamba andiko fulani lazima liwe neno la Mungu kwa kuwa ni la kale, au kwa kuwa lilipatikana pangoni, au kwa kuwa watu mashuhuri walilinukuu, ana haki ya kuuliza maswali waliyouliza wazee wa kanisa. Limetoka kwa nani? Limepitia mikononi mwa nani? Ni akina nani waliolipokea, na linapatana na imani waliyokuwa nayo?

Mtaalamu wa historia anaweza kupima ngozi, kulinganisha hati na kukadiria karne. Anaweza kusema kitabu kilisomwa wapi na kilimwathiri nani. Hawezi, kwa vipimo vyake, kuthibitisha kwamba Mungu alisema au hakusema ndani yake. Hilo ni suala la imani, na kila jumuiya hulijibu mbele ya Mola wake.

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Andiko lililoishi miaka elfu mbili limeona mengi na linastahili kusikilizwa kwa adabu, kama anavyosikilizwa mzee yeyote barazani. Lakini si kila mzee ni nabii, na mvi peke yake haijawahi kumfanya mtu kuwa mtakatifu.